Kutosa, Kupekecha na Kupalia: Istilahi za Kurejesha Umeme Baada ya Tetemeko la Ardhi

UTANGULIZI

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, habari za umeme huelezwa kwa sentensi mbili fupi: "umeme umekatika" na "umeme umerudi". Mtu azisikiapo hudhani kwamba umeme ni kama mgeni aliyetoka kidogo kisha akarejea. Kwa hitilafu ndogo ya mtaani sentensi hizo zatosha: waya umekatika, fundi amepanda nguzo, waya umeungwa, taa zimewaka. Lakini gridi nzima inapozimika, baina ya "umekatika" na "umerudi" pana kazi ndefu yenye hatua zinazofuatana, na kila hatua yahitaji jina lake. Pasipo jina, fundi huazima neno la kigeni. Mtangazaji asiyelielewa neno hilo huliruka. Na mwananchi hubaki na sentensi zake mbili zile zile.

Katika makala haya tumekusudia kuzichunguza hatua hizo na kupendekeza istilahi za kuzieleza. Mfano tutakaoufuata ni wa kisiwa cha Hokkaido, nchini Japani, mwaka 2018. Tumeuchagua kwa sababu mambo yaliyotokea huko yalichunguzwa dakika kwa dakika, hata yawezekana kuonyesha ni tendo gani linalohitaji neno gani.

Hapana budi tuseme pia kwamba jambo hili halituhusu kwa mbali. Bonde la Ufa limepita katika nchi zetu, na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera, mkoa ambao wakati huo ulipata umeme wake kutoka Uganda. Tena gridi haihitaji tetemeko ili izimike. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani usiku, na tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Tanzania nayo ilizimika kwa hitilafu. Katika siku kama hizo ndipo wananchi wanapotaka kuelezwa kwa lugha yao nini kimetokea, na kwa nini mtaa wa pili una taa ilhali wa kwao hauna.

YALIYOTOKEA HOKKAIDO

Hokkaido ni kisiwa cha kaskazini kabisa katika visiwa vinne vikuu vya Japani. Tarehe 6 Septemba 2018, saa 9 na dakika 7 usiku kwa saa za huko, tetemeko la kipimo cha 6.7 lilitikisa sehemu ya kusini ya kisiwa hicho. Vilima vya wilaya ya Atsuma viliporomoka vikafunika nyumba, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha.

Karibu na hapo palikuwa na kituo kikubwa kuliko vyote cha kuzalisha umeme kisiwani, kituo cha makaa ya mawe cha Tomato-Atsuma, chenye mitambo mitatu iliyoweza kutoa jumla ya megawati 1,650. Usiku ule kisiwa kizima kilikuwa kikitumia kama megawati 3,100, na karibu nusu yake ilitoka katika kituo hicho kimoja. Mitambo miwili ilisimama papo hapo. Wa tatu uliendelea kwa dakika chache huku mabomba ya boila yake yakivuja, kisha nao ukasimama. Ilipofika saa 9 na dakika 25, yaani dakika 18 baada ya tetemeko, kisiwa chote kilikuwa kizani. Nyumba zipatazo milioni 2.95 zilikosa umeme kwa mkupuo mmoja.

Madhara yake yalifika mbali na mahali palipotetemeka. Kiwanja cha ndege cha New Chitose kilifungwa. Katika mji wa Sapporo watu walipanga foleni ili wapate kuchaji simu zao. Wafugaji, katika kisiwa kinachotoa zaidi ya nusu ya maziwa ya Japani, walishindwa kukamua ng'ombe wao kwa mashine, na waliofaulu kukamua walilazimika kuyamwaga maziwa kwa kuwa viwanda vya kuyapokea navyo vilikuwa vimesimama. Kazi ya kurudisha umeme karibu kisiwani kote ilichukua kama saa 45. Hebu sasa tuiangalie kazi hiyo kwa upande wa lugha.

KUKATIKA, KUKATWA NA KUZIMIKA

Kiswahili kina utajiri katika viambishi vya vitenzi vyake, na hapa utajiri huo unatufaa sana. "Umeme umekatika" hueleza hali bila kumtaja mtendaji. "Umeme umekatwa" hudokeza kwamba yuko aliyeukata: ama shirika kwa sababu ya deni, ama fundi kwa ajili ya matengenezo. "Umeme umezimwa" humtaja mtendaji pia, ila huleta wazo la kitu kilichozimwa kwa taratibu na kitakachowashwa tena. Wenzetu wa Kenya husema "stima zimepotea", wakiutumia kwa umeme ule ule jina ambalo zamani ziliitwa meli za mvuke.

Maneno yote haya hueleza hali ya mtumiaji aliye nyumbani. Hayaelezi hali ya gridi. Nyumba kukosa umeme kwa sababu waya wake umekatika ni jambo moja. Nyumba kukosa umeme kwa sababu hakuna hata mtambo mmoja unaozunguka ni jambo jingine kabisa. Kwa hali ya kwanza twapendekeza libaki neno kukatika. Kwa hali ya pili twapendekeza kuzimika kwa gridi, na kwa jina, mzimiko. Tofauti hii ni kama ile ya mtu aliyefungiwa mlango na mtu ambaye nyumba nzima imemwangukia. Wote wawili wako nje, lakini hawatarudi ndani kwa njia moja. Mtangazaji akisema "gridi imezimika", msikilizaji na aelewe mara moja kwamba kuunga waya hakutatosha.

KUTOSA MZIGO

Kwa nini kupotea kwa kituo kimoja kuliangusha kisiwa kizima? Jibu limo katika mizani. Umeme wa gridi huzalishwa na kutumiwa katika nukta ile ile. Uzalishaji ukipungua ghafla na matumizi yasipungue, mashine zilizobaki huelemewa, mwendo wake hupungua, na mapigo ya umeme hushuka. Gridi ya Hokkaido hupiga mapigo 50 kwa sekunde. Mapigo yakishuka mno, mitambo iliyobaki hujitoa yenyewe isije ikaharibika, na kila unaojitoa huwazidishia mzigo wenzake.

Ili kuzuia hayo, gridi huwekewa vifaa vinavyokata umeme wa baadhi ya maeneo mara tu mapigo yanapopungua. Vifaa hivyo havimwulizi mtu. Kwa tendo hili wapo wanaosema "kupunguza mzigo", lakini twaona kwamba maneno hayo ni mapana mno. Hata mwenye nyumba anayezima pasi yake amepunguza mzigo. Mabaharia wa pwani yetu wana neno linalofaa zaidi. Chombo kinapozidiwa na dhoruba, nahodha huamuru shehena itoswe baharini. Hachagui mzigo kwa kuudharau. Autosa ili chombo na waliomo wapone. Kwa hiyo twapendekeza kutosa mzigo kuwa ni kukata kwa ghafla, tena kwa vifaa, umeme wa baadhi ya watumiaji ili gridi isizimike.

Usiku ule vifaa vya Hokkaido vilitosa mzigo mara tatu, na mara ya kwanza peke yake vilitosa kama megawati 1,300. Kwa muda mfupi ilionekana chombo kimepona, kwa kuwa mapigo yalirudi kwenye 50. Lakini watu waliozinduliwa na tetemeko waliwasha taa na televisheni zao, matumizi yakapanda, na mtambo wa tatu nao ukazidi kulegea. Hatimaye shehena ya kutosa ikaisha, na chombo kikazama.

Tunajua kwamba katika mazungumzo ya vijana "kutoswa" ni kuachwa na mpenzi, na huenda mtumiaji aliyekatiwa umeme akaona amefanyiwa hivyo hivyo. Hatuoni kwamba hilo lalidhuru neno. Aliyetoswa ana haki ya kuuliza kwa nini yeye na si mwingine, na neno linalomwezesha kuliuliza swali hilo ni bora kuliko neno linalolificha.

MTAMBO NAO HULA UMEME

Sasa tumefika mahali ambapo watu wengi hushangaa. Mtu wa kawaida hufikiri kwamba mtambo wa umeme uliosimama huwashwa tu. Sivyo. Kituo cha makaa kina vinu vya kusaga makaa, mapampu ya kusukuma maji kwenye boila, mafeni ya kupuliza hewa, na vyote hivyo huendeshwa kwa umeme. Kituo hutumia sehemu ndogo ya umeme wake chenyewe, na pasipo sehemu hiyo hakiwezi kuanza. Umeme huo twapendekeza uitwe posho ya mtambo. Kama vile mfanyakazi hawezi kwenda shamba bila kula, mtambo nao hauendi kazini bila posho yake.

Kituo cha nyuklia huhitaji posho hata kikiwa hakifanyi kazi. Kituo cha Tomari, upande wa magharibi wa Hokkaido, kilikuwa kimesimama tangu mwaka 2012, lakini fueli yake iliyotumika ilikuwa ingali katika mabwawa ya maji, na maji hayo hapana budi yazungushwe ili fueli isipate moto. Gridi ilipozimika, umeme wa nje ulikatika na jenereta za dharura za dizeli zikachukua kazi. Kituo kilikaa hivyo kwa muda wa kama saa 9 na nusu. Waliokumbuka mwezi Machi 2011 hawakuweza kutulia. Katika kituo cha Fukushima Daiichi tetemeko lilikuwa limekata umeme wa nje, kisha maji ya tsunami yakafunika jenereta za dharura, na mitambo mitatu ikayeyuka ndani kwa kukosa umeme wa kuipoza. Kituo kilichojengwa ili kitoe umeme kiliangamia kwa kukosa posho.

KUPEKECHA NA KUPALIA

Ikiwa kila mtambo wahitaji umeme ili uanze, na gridi yote imezimika, umeme wa kwanza utatoka wapi? Hili ndilo swali kuu la kurejesha umeme, na wahandisi wa lugha nyingine wamelibuni jina lenye wazo la kuanza katika giza. Kulitafsiri neno kwa neno si vigumu, lakini tafsiri hiyo haituambii kitu. Twaona ni afadhali turudi kwenye maarifa ya moto, kwa sababu wazee wetu walilijibu swali hili hili kabla ya kibiriti kufika.

Moto ulipozimika katika nyumba, palikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kwenda kwa jirani ambaye moto wake ungali hai, kuchukua kaa moja au mawili katika kigae, na kuja kuwashia jikoni. Huko kuliitwa kupalia moto. Njia ya pili, endapo kijiji kizima hakikuwa na moto, ilikuwa kuchukua kijiti kikavu na kukizungusha kwa viganja juu ya ubao mpaka cheche itoke. Huko kuliitwa kupekecha moto, na kijiti chenyewe ni upekecho. Kupalia ni kazi ya dakika chache. Kupekecha huchosha mikono, na si kila mti unaofaa.

Twapendekeza maneno haya mawili yaingizwe katika istilahi za umeme kwa maana zile zile. Kupekecha gridi ni kuanzisha umeme katika gridi iliyozimika bila msaada wa umeme kutoka nje. Mtambo unaoweza kufanya hivyo ni mtambo wa kupekecha. Kupalia umeme ni kuupeleka umeme wa mtambo ulio hai kwenye mtambo uliosimama ili upate posho yake ya kuanzia.

Si kila mtambo wafaa kupekecha, kama vile si kila mti. Ule wa maji ndio unaofaa zaidi, kwa sababu nguvu yake iko tayari nyuma ya bwawa. Jenereta ndogo ya dizeli au betri hutosha kufungua milango ya maji, na maji yenyewe huizungusha turbini. Huko Hokkaido mitambo ya maji ndiyo iliyopekecha. Kazi ilianza yapata saa 10 alfajiri, chini ya saa moja baada ya mzimiko. Kutoka kwenye mitambo hiyo wahandisi walipalia hatua kwa hatua, njia moja baada ya nyingine, kuelekea kituo cha Tomari na vituo vya makaa na mafuta ambavyo tetemeko halikuviharibu.

Msomaji atauliza: je, Hokkaido haikuwa na jirani wa kumpalia? Alikuwapo. Waya unaopita chini ya mlango wa bahari wa Tsugaru uliunganisha kisiwa hicho na Honshu, na uliweza kupitisha megawati 600. Katika dakika zile za kwanza ulisaidia sana. Lakini umeme wake ulisafiri kwa mkondo mnyoofu, na vifaa vya kuugeuza upande wa Hokkaido vilihitaji kukuta umeme hai wa kisiwani ili vifanye kazi. Vilikuwa kama mtu awezaye kuitikia wimbo lakini hawezi kuuanzisha. Gridi ilipozimika vikanyamaza. Jirani alikuwa na moto tele, lakini kigae cha kuuchukulia hakikuwapo. Mwezi Machi 2019 waya wa pili, wa megawati 300, ulianza kazi kupitia njia ya chini ya bahari ya Seikan, na vifaa vyake ni vya aina iwezayo kuanzisha wimbo yenyewe. Tofauti baina ya waya hizo mbili huelezeka kwa sentensi moja ya Kiswahili: ule wa kwanza hauwezi kupalia, na ule wa pili waweza.

Yako mapingamizi ambayo hatutayapuuza. Kupekecha hutumiwa pia kwa mtu anayechochea fitina, na kupalia hutumiwa katika kilimo na hata kwa chakula kinachopita njia ya hewa. Vijana wa mjini hawajapata kuona moto ukipekechwa. Kwa maoni yetu, neno lenye maana zaidi ya moja si neno bovu maadamu muktadha waonyesha ni maana ipi. Na kijana asiyelijua neno hulifahamu akishaelezwa mara moja, kwa kuwa picha yake ni ya kitu kinachoonekana.

MKUPUO NA KUOANISHA

Jaribio lile la alfajiri halikufaulu. Wahandisi walipokuwa wakizilisha transfoma za mbali, mkondo ulivurugika, vifaa vya kulinda njia vikakata, na kazi yote ikabidi ianzwe upya yapata saa 12 na nusu asubuhi. Transfoma iliyokaa bila umeme, inapounganishwa, hunyonya ghafla mkondo mkubwa kuliko ule itakaoutumia baadaye, mfano wa mtu mwenye kiu anayeupokea mtungi na kunywa bila kupumua. Kiswahili huita kunywa huko mkupuo, na neno hilo twalipendekeza: mkupuo wa transfoma. Katika gridi yenye mitambo mingi mkupuo haushtui; katika gridi iliyopekechwa sasa hivi waweza kuuzima moto wote. Ndiyo sababu umeme hurudishwa mtaa kwa mtaa. Mwananchi anayeona jirani ana taa na yeye hana hudhani ni upendeleo, kumbe mara nyingi ni tahadhari.

Kadiri mitambo inavyoamka, yapasa iunganishwe katika gridi moja. Mtambo mpya lazima uzunguke kwa mwendo ule ule wa wenzake, tena upige pigo lake pamoja nao. Wapiga makasia wanalijua jambo hili. Tendo hilo twapendekeza liitwe kuoanisha mapigo. Kwa neno "mapigo" tumekusudia idadi ya mizunguko ya mkondo katika sekunde moja. Wengine hulitumia neno "masafa", na katika habari za redio limekwisha kuzoeleka. Lakini masafa kwa asili ni umbali, na msomaji akiambiwa kwamba "masafa ya umeme yameshuka" hudhani waya umefupishwa. Katika habari za gridi, mapigo yanaeleweka upesi zaidi.

Japani yenyewe ina mfano mzuri wa haja ya kuoanisha. Upande wa mashariki hupiga mapigo 50 na upande wa magharibi 60, kwa sababu mashine za kwanza za mwisho wa karne ya 19 zilitoka Ujerumani kwa upande mmoja na Marekani kwa upande mwingine. Mwaka 2011, mashariki ilipopungukiwa umeme, magharibi iliweza kuipatia takriban megawati 1,000 tu kupitia vituo vya kubadili mapigo. Kufikia mwaka 2021 uwezo huo uliongezwa hadi megawati 2,100.

KUPOZA SI KUPOOZA

Hapa tuguse kosa linaloonekana mara nyingi katika magazeti. Mahali ambapo umeme wa msongo mkubwa hupunguzwa kabla ya kusambazwa huitwa kituo cha kupoza umeme. Jina ni zuri, maana kupoza ni kupunguza ukali, kama uji wa moto unavyopozwa. Lakini wengi huandika "kupooza", neno ambalo kwa msomaji wa kawaida ni kupoteza nguvu za viungo. Wakati wa maafa tofauti hii ya irabu moja si ndogo. Anayesoma kwamba "umeme umefika kwenye kituo cha kupooza" atashindwa kujua kama apewa habari njema au mbaya. Twasisitiza basi: kupoza.

KUTOSA, MGAWO NA KUBANA

Mzimiko ukiisha, upungufu hubaki. Huko Tomato-Atsuma mabomba ya boila yalikuwa yamepasuka, na turbini ya mtambo mmojawapo ilikuwa imewaka moto. Turbini haifunguliwi ikiwa na joto. Hungojewa ipoe kwa siku kadhaa kabla ya fundi kuingia. Mtambo wa kwanza ulirudi kazini tarehe 19 Septemba, wa nne tarehe 25 Septemba, na wa pili tarehe 10 Oktoba. Kwa hiyo umeme ulikuwa umerudi majumbani zaidi ya mwezi mzima kabla kituo hakijapona. Serikali iliwaomba wananchi na viwanda vipunguze matumizi kwa asilimia 20, wakaitikia, na haikulazimu kukatiana zamu.

Mwaka 2011 mambo yalikuwa tofauti. Kuanzia tarehe 14 Machi, maeneo yaliyohudumiwa na shirika la umeme la Tokyo yaligawanywa katika makundi matano, kila kundi likakatiwa umeme kwa saa kama tatu kwa zamu iliyotangazwa. Jambo hilo sisi tunalijua vizuri na jina lake tunalo: mgawo wa umeme, au mgao kama wengi wanavyotamka.

Tuna basi maneno matatu yasiyopasa kuchanganywa. Kutosa mzigo hufanywa na vifaa kwa nukta chache, bila taarifa. Mgawo hufanywa na shirika kwa ratiba. Kubana matumizi hufanywa na mtumiaji mwenyewe kwa hiari. Taarifa inayoviita vyote vitatu "kukatika kwa umeme" humnyima mwananchi jambo analolihitaji: kujua kama angojee, apange, au asaidie.

UMEME ULIORUDI WAWEZA KUUA

Tumeliweka jambo hili mwishoni kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliupiga mji wa Kobe na sehemu za jirani, na watu zaidi ya 6,400 walikufa. Nyumba zipatazo milioni 2.6 zilikosa umeme, na mafundi waliurudisha kwa muda wa wiki moja hivi. Lakini katika nyumba zilizobomoka, zilizoachwa na wenyewe, mlikuwa na hita zilizoanguka juu ya nguo, waya zilizochunika chini ya kuta, na mabomba ya gesi yaliyopasuka. Umeme ulipofika, vitu hivyo viliwaka. Mioto mingi ya siku zile ilitokana na umeme kurudishwa.

Twapendekeza mioto hiyo iitwe moto wa marejeo. Jina hili lina kazi. Likijulikana, mwananchi anayekimbia nyumba yake baada ya tetemeko atakumbuka kuzima swichi kuu kabla ya kutoka, na fundi atakumbuka kukagua mtaa kabla ya kuulisha. Vile vile twashauri watangazaji waseme "umeme utarudishwa" badala ya "umeme utarudi". Kiambishi kile cha "-sh-" na "-w-" humkumbusha msikilizaji kwamba yuko mtu mkononi mwa swichi, na kwamba yafaa mtu huyo aambiwe iwapo mtaa fulani haujawa salama.

MUHTASARI WA ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

1. Mzimiko: hali ya gridi nzima kukosa mtambo hata mmoja unaoilisha.
2. Kutosa mzigo: kukata kwa ghafla umeme wa baadhi ya watumiaji, kwa vifaa, ili kuepusha mzimiko.
3. Posho ya mtambo: umeme ambao kituo chauhitaji ili chenyewe kianze na kiendelee.
4. Kupekecha gridi: kuanzisha umeme katika gridi iliyozimika bila msaada wa nje.
5. Mtambo wa kupekecha: mtambo uwezao kuanza bila umeme wa gridi.
6. Kupalia umeme: kupeleka umeme wa mtambo ulio hai kwenye mtambo uliosimama ili uanze.
7. Mkupuo wa transfoma: mkondo mkubwa wa ghafla unaonyonywa na transfoma inapounganishwa.
8. Mapigo: idadi ya mizunguko ya mkondo wa umeme katika sekunde moja.
9. Kuoanisha mapigo: kuulinganisha mtambo na gridi kabla ya kuunganisha.
10. Kituo cha kupoza umeme: kituo cha kupunguza msongo kabla ya kusambaza.
11. Mgawo wa umeme: kukata umeme kwa zamu na kwa ratiba iliyotangazwa.
12. Moto wa marejeo: moto unaozuka kwa sababu ya umeme kurudishwa mahali palipoharibika.

HITIMISHO

Hatudai kwamba istilahi hizi zimekamilika. Baadhi zimekwisha kutumika kwa miaka mingi, na sisi tumeziwekea mipaka tu. Nyingine tumezitoa jikoni na baharini tukazileta kwenye gridi. Yumkini mafundi wa vituo vya umeme wanayo maneno yao ambayo hayajaandikwa popote, na yaliyo bora kuliko haya. Tungefurahi kuyapokea. Neno lililojaribiwa kazini, zamu ya usiku, lina haki ya kutangulia neno lililobuniwa mezani. Tunachoomba ni kwamba uamuzi ufanywe mapema, wakati taa zingali zinawaka, kwa kuwa siku ya giza mtangazaji hatakuwa na nafasi ya kutafuta neno.